Kipande Kisichofagiwa

13 Oktoba

Mbegu sitini na nne. Nimezihesabu mara mbili juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha, na miwani yangu usoni. Kila moja ni duara dogo, jembamba, la rangi ya kahawia, na ukingo wake ni mwepesi kama ganda la kitunguu. Katikati kuna kivimbe. Uhai wote umo katika kivimbe hicho. Nikipumua kwa nguvu, zinaruka.

Nimeletewa na Nadine, binti wa marehemu dada yangu, muuguzi kule Moba. Kazi ya chanjo ilimpandisha mpaka uwanda wa juu wa Marungu. Akapita kwenye kilima kilicho nyuma ya shule niliyofundisha, akachuma maganda matatu makavu, akayatia katika bahasha ya vidonge.

"Mujomba," aliniambia, "nimeleta kwa sababu tangu niko mutoto unatuimbia ile maua. Lakini usiniombe tena. Kilima chote watu wanakichimba, wanatafuta madini. Mwaka kesho hakutabaki kitu."

Kwa hiyo hizi zikipotea, hakuna nyingine.

Vitabu vya Kifaransa huliita ua hili glaïeul. Sisi kwetu tuliliita jogoo wa mlima, kwa sababu husimama wima katikati ya majani, jekundu, koo lake njano, kama jogoo aliyenyoosha shingo kabla ya kuwika. Halipandwi na mtu. Kila mwaka linakauka, linalala chini, na mvua zikirudi linatoka tena mahali pale pale. Mara ya mwisho kuliona nilikuwa na miaka hamsini. Sasa nina sabini na sita.

16 Oktoba

Joto. Upande wa ziwa mawingu yamesimama tu, hayasogei.

Nimezunguka lupango, nyumba na uwanja wake wote, nikitafuta mahali. Lupango ni la Mama Hidaya, na mimi ni mpangaji wake wa chumba cha nyuma kwa mwaka wa kumi na tisa sasa: kumi na moja pamoja na mke wangu Lucie, minane peke yangu. Ni mjane kama mimi. Babu zake walivuka ziwa na biashara zamani, na bado Kiswahili chake kina ladha ya Kigoma. Kila alfajiri, baada ya swala, anainama na ufagio wake wa vijiti na kufagia uwanja wote, kuanzia mlangoni hadi kwenye geti. Akimaliza, udongo unabaki na mistari iliyonyooka kama nywele zilizochanwa. Hakuna jani linalolala usiku katika lupango hili. Msemo wake ni mmoja: "Uwanja wenye majani ni wa nyoka, au ni wa maiti."

Nimemwambia nitapanda maua kidogo. Akasema, "Panda, Papa Onésime." Nadhani alifikiri kopo moja kwenye baraza.

20 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha. Nimepanda nusu, thelathini na mbili, nyuma ya chumba changu, kati ya ukuta na ua unaotutenga na jirani. Mbegu hazipendi kufukiwa sana, kwa hiyo nimezipepetea mchanga kidogo tu juu. Nusu nyingine imebaki katika bahasha. Baba yangu hakuwahi kumwaga mbegu zote kwa mvua moja.

22 Oktoba

Nimeamka nikakuta mistari ya ufagio mpaka chini ya dirisha langu.

"Mama Hidaya, hapa nyuma umefagia?"

"Nimefagia. Mvua ilitoa uchafu, vikaratasi vikaratasi vimejaa hapo ukutani. Nimevitia shimoni, nimechoma."

"Vile vikaratasi vilikuwa mbegu zangu."

Akasimama na ufagio mkononi. "Mbegu za nini?"

"Za maua."

"Maua gani hayo yanayofanana na uchafu?"

Nilienda shimoni, nikapekua majivu kwa kijiti. Hakuna kitu.

23 Oktoba

Ameniletea chai bila neno. Nimeinywa bila neno.

2 Novemba

Leo tumezungumza kama watu wazima. Kosa ni langu: nilisema maua, sikusema ardhi. Amenipa kipande mbele kabisa, karibu na mti wa avoka, yaani parachichi, hatua tatu kwa mbili, na masharti mawili. La kwanza, nikizungushie mawe, ili ufagio wake ujue mpaka. Na akiona nyoka, hata mmoja, hata mwembamba, anafagia siku hiyo hiyo.

"Na la tatu," akasema akiwa amekwisha kugeuka, "wageni wakiniuliza ni nini, utawajibu wewe. Mimi sitaki aibu."

4 Novemba

Kule kwetu, kila mwezi wa nane moto ulipita juu ya kilima, na jogoo wa mlima walitoka baada ya moto. Kwa hiyo kabla ya kupanda nimezishika mbegu juu ya moshi, ndani ya chujio, muda wa kusali rozari moja. Jacob, fundi cherehani wa jirani, alichungulia juu ya ua.

"Papa Mwalimu! Unakausha ndakala wasioonekana?"

"Dagaa hawa hawaliwi."

"Basi unawapikia nani moshi?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka mkewe Chantal akatoka nje kuona kuna nini. Sijui kama moshi unasaidia. Ninajua tu kwamba ndivyo walivyozoea.

Zimepandwa zote thelathini na mbili. Bahasha ni tupu.

11 Novemba

Hakuna kitu.

12 Novemba

Hakuna kitu. Mvua kubwa mchana.

19 Novemba

Hakuna kitu. Jacob: "Jogoo amewika?" Mimi: "Bado yuko ndani ya yai."

Chumba changu kinatazama kipande hiki kwa pembeni, na hilo halinitoshi. Nimeanza kutoka na kigoda kila asubuhi na kukaa mbele yake. Ninasoma kidogo, ninatazama udongo, ninasoma tena.

28 Novemba

Vitano! Nyuzi tano za kijani, urefu wa nusu kidole. Nilipiga magoti kwenye tope na suruali safi.

2 Desemba

Viko ishirini na saba. Nimemwita Mama Hidaya aone. Aliinama, akatazama, akatazama tena, mikono kiunoni.

"Papa Onésime. Haya ni majani."

"Yanafanana na majani."

"Umengoja mwezi mzima kuotesha majani? Mimi ninayang'oa kila siku, yanajiotea bure!"

Ana haki. Jani la jogoo wa mlima katika miezi yake ya kwanza ni jani moja tu, jembamba, lililosimama. Asiyelijua hawezi kulitenga na nyasi. Nimemwambia hivyo. Amesema kwamba kama ningemwambia mapema, kipande kingekuwa hatua moja kwa hatua moja.

4 Desemba

Mama Hidaya amepanda boti kwenda Kigoma. Binti yake Mouna amejifungua. Ufagio ameukabidhi kwa Chantal.

6 Desemba

Chantal ana malaria. Na mimi vipele vimejaa kwenye taya. Kwenye dispansari wamenikataza kunyoa wiki mbili.

9 Desemba

Lupango halijafagiwa siku ya tano. Mti wa avoka unamwaga majani kana kwamba ulikuwa unangoja mwenye nyumba asafiri. Ufagio uko hapo, umeegemea ukuta. Nimeutazama, nao umenitazama. Lakini mwanamume wa umri wangu kuinama na ufagio mbele ya avenyu nzima, hapana. Jacob angeishona hadithi hiyo katika kila nguo mwaka mzima. Vichipukizi viko salama, hilo linanitosha.

14 Desemba

Ninaandika kwa kirefu kwa sababu sitaki kusahau mpangilio wa mambo.

Saa nne asubuhi nilikuwa kwenye kigoda changu, nimeinama, ninaondoa konokono wadogo mmoja mmoja. Geti likafunguliwa bila hodi. Aliingia Mama Kapinga, mkubwa wa kikundi cha wamama wa parokia, na nyuma yake wanawake saba, vitenge vimefungwa kiunoni, mmoja na beseni la unga wa muhogo kichwani, mwingine na mzigo wa kuni. Walikuwa wanalia. Si kulia kwa chini. Ni kilio kile cha kuingia nacho, kinachosikika mpaka barabarani.

Mama Kapinga alipiga magoti mbele yangu. "Pole, Papa! Pole, baba yetu! Nani ametuacha?"

"Hakuna muntu," nikasema.

"Usijifiche, Papa. Sisi ni watu wako. Lupango siku kumi bila ufagio. Ndevu zile. Na kila asubuhi tunapita hapa, tunakuona umekaa chini, kichwa hivi, mbele ya…" Akageuka, akatazama kipande changu. Nami nikakitazama kwa macho yake, kwa mara ya kwanza: udongo ulioinuliwa, hatua tatu kwa mbili, mawe kuzunguka, na majani machache yanaanza kuota juu. "Mbele ya kaburi," akamaliza, na kilio kikapanda upya.

Nilijaribu. Nilisema maua, nilisema mbegu, nilisema Marungu. Waliposikia Marungu, wakidhani marehemu ni wa huko, walilia zaidi. Mikeka ilikwisha kutandikwa. Mmoja alikwisha kuwasha moto. Jacob aliingia na viti vyake vinne, uso mzito, akanishika mkono bila mzaha wowote, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Katikati ya hayo pikipiki ikasimama kwenye geti. Mama Hidaya alikuwa anarudi kutoka bandarini. Alisikia kilio tangu kona ya avenyu, na alipoingia aliona wanawake chini, moto, viti. Akatupa mzigo wake.

"Papa Onésime! Ee Mungu wangu! Amekufa peke yake, na mimi niko Kigoma ninakula kuku!"

Akashika kichwa, akaenda huku na huku, akagonga beseni la unga. Sikujua la kufanya, kwa hiyo nilisimama.

"Karibu, Mama Hidaya," nikasema.

Kilio kilikatika kama kimepigwa panga. Alinitazama kuanzia ndevu hadi viatu. Kisha akavua mtandio wake wa juu, akanipiga nao begani, mara moja, kwa nguvu. Miaka kumi na tisa hajawahi kunigusa. "Na hufi!" akasema. "Na hufagii!"

Mama Kapinga ndiye aliyeanza kucheka. Halafu wote. Jacob alilazimika kukaa kwenye kiti chake mwenyewe.

Lakini kicheko kilipokwisha, macho ya wanawake yalirudi kwenye beseni. Mama Kapinga akajifuta uso. "Sasa iko shida moja. Unga wa matanga haurudi nyumbani. Ukirudi, unaita kifo kingine."

"Ni kweli," akasema mwenye unga, ambaye hakutaka hata kulishika tena beseni lake.

Mama Hidaya alikaa kwenye mkeka. Alikuwa bado anahema. "Hata kwetu machozi hayamwagwi bure," akasema. Halafu akanigeukia, sauti yake imeshuka. "Papa Onésime. Kweli kabisa huna mtu?"

Ningeweza kusema sina. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Niko naye mmoja," nikasema.

Nikawaambia habari za mdogo wangu Hénoc. Vita vilipopanda mlima, mwezi wa nane wa 1998, tulitoka kabla ya mapambazuko, mimi, Lucie na yeye. Tulikuwa tumetembea saa nzima nilipokumbuka sanduku la vitabu vyangu. Nikasema, kwa sauti tu, kama mtu anayelalamika, kwamba nimeliacha. Hénoc akacheka. Akasema, "Mwalimu bila vitabu ni mkulima mbaya tu. Tangulieni." Akarudi. Tulimngoja kwenye daraja siku mbili. Hakuna aliyemwona, wala mwili wake, wala sanduku.

"Mimi sikumtuma," niliwaambia. Halafu nikasema, "Mimi njo nilimtuma, mimi mwenyewe."

Matanga hatukufanya. Kumlilia kungekuwa kukubali, na mwaka wa kwanza hatukutaka kukubali, wala wa pili, halafu ikawa aibu kuanza. Lucie alijua. Lucie alikufa akiwa anajua. Wengine hawakujua, hata huyu ambaye nimekunywa chai yake miaka yote hii.

Mama Kapinga alikaza kitenge chake. "Jina lake Hénoc," aliwaambia wenzake, kama mtu anayewapa noti ya wimbo. Wakaanza tena, na safari hii walimwita kwa jina.

Nimelia. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ugali ulikuwa laini, samaki walitoka kwa Chantal aliyeamka kitandani. Tulikula watu kumi na tano.

15 Desemba

Watu wamekuja. Watu wengi ambao sikujua kama wananijua.

17 Desemba

Siku tatu zimetimia, leo ni siku ya kuanua matanga. Kazi ya mwisho ni kufagia: lupango lote, mpaka majivu ya moto, ili kifo kitoke na uchafu wake. Mama Kapinga alisimama kwenye geti kusimamia.

Mama Hidaya alianza mlangoni kwake. Siku kumi na tatu za majani ya avoka zilikwenda mbele ya ufagio wake kama mbuzi. Alifagia kushoto, akafagia kulia, akafika kwenye mawe yangu, akasimama.

Sote tulijua. Nilikuwa nimelifikiria jambo hili tangu jana, na nilikuwa nimeamua. Mtu hawezi kuweka majani ishirini na saba mbele ya ndugu yake mara ya pili. Kwanza vilikuwa vitabu.

"Fagia, Mama," nikasema.

"Nyamaza."

"Ndiyo, afagie," Mama Kapinga akasema kutoka kwenye geti. "Matanga haianuliwi nusu."

Mama Hidaya aliinama. Nilitazama upande wa Jacob. Ufagio haukukwaruza, nikageuka. Mama Hidaya alikuwa ameinama ili kutazama tu. Alikuwa anagusa jani moja kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Ndugu yake amengoja miaka ishirini na sita," akasema akiinuka. "Kipande hiki kitangoja mvua zipite. Kitafagiwa kikiwa tayari."

"Na matanga ibaki wazi?"

"Ibaki wazi. Lupango ni langu, Mama Kapinga. Mimi ndiye nitakayelala nayo."

Mama Kapinga alitingisha kichwa, lakini alichukua beseni lake tupu bila kununa.

Nimenyoa ndevu, ingawa vipele havijapona.

25 Desemba

Misa. Wali na kuku kwa Jacob. Vichipukizi bado ishirini na saba.

6 Januari

Kiangazi kidogo kimeingia. Ninamwagilia kwa kopo la maziwa nililolitoboa kwa msumari.

19 Januari

Sasa nyasi za kweli zimeota katikati ya jogoo wangu, na sizitambui. Nilifundisha watoto miaka ishirini na minne kutofautisha vitu, na leo nimekaa mbele ya majani mia mbili yanayofanana, miwani imejaa jasho, sithubutu kung'oa hata moja.

26 Januari

Mama Hidaya amepata jibu. Alikuwa amekaa karibu nami, kwa hasira zaidi kuliko kwa msaada. Hawezi kuvumilia nyasi hata ndani ya mawe. Alishika jani moja chini kabisa, kati ya kidole gumba na cha shahada, akalisugua. Akashika la pili.

"Hili linaviringika," akasema. "Hili linakataa."

Nikajaribu. Ni kweli. Shina la nyasi ni la mviringo, linazunguka kati ya vidole. La jogoo wa mlima ni bapa kama upanga, unalisukuma, halizunguki. Hakuna kitabu changu kilichoniambia hivyo. Vidole vyangu vimekufa ganzi ncha kwa sababu ya chaki na uzee, lakini vyake, vilivyochambua mchele miaka sitini, havikosei.

Tumefanya kazi mpaka jua lilipokuwa kali. Yeye alisema "linaviringika" na kung'oa, "linakataa" na kuacha, kama mtu anayesoma majina darasani. Alikosea mara moja tu. Alilirudisha ardhini haraka, akalikandamiza, akafikiri sikuona.

28 Januari

Lile alilolirudisha limenyauka. Ishirini na sita. Hakusema, sikusema. Chai ilikuwa na sukari nyingi.

9 Februari

Mama Kapinga akipita barabarani sasa anasimama kwenye geti na kusalimia, si mimi tu, bali na kipande. "Jambo, Papa. Jambo, Hénoc." Mwanzoni nilitaka kumsahihisha. Mwalimu husahihisha. Nimeacha.

Zamani nilimwona kama mwanamke wa makelele. Sasa ninafikiri kuna makelele ambayo mtu anahitaji kufanyiwa na wengine, kwa kuwa hawezi kujifanyia.

22 Februari

Mvua zimerudi. Nyoka mwembamba, kijani, juu ya ua wa Jacob. Nilimwona mimi, na Mama Hidaya alimwona. Tulitazamana. Akasema, "Yule yuko kwa Jacob."

15 Machi

Mvua siku nne mfululizo. Ziwa limepanda, wanasema maji yameingia tena katika nyumba za chini. Hapa kwetu kipande kiligeuka bwawa. Tulichimba mfereji, mimi na jembe, Jacob na sururu, Mama Hidaya na sauti. Jacob hakutania hata mara moja mpaka maji yalipotoka. Kisha: "Papa Mwalimu, jogoo wako amekuwa bata."

Viwili vimeoza. Ishirini na vinne.

6 Aprili

Nadine amepiga simu. Amepanda tena kule juu. Nyuma ya shule ni mashimo tu sasa. Nilimuuliza kama shule ipo. Ipo, bila paa. Nilimwambia vilivyobaki vyote viko hapa, katika uwanja wa mwanamke anayechukia majani. Alicheka. Alisema, "Basi viko mahali pazuri, Mujomba. Huko mtu anavihesabu."

19 Aprili

Karibu vyote vina jani la pili.

4 Mei

Mvua ya mwisho, pengine. Fupi, asubuhi.

18 Mei

Nimeamshwa na kugongwa kwa mlango.

"Papa Onésime, toka! Yamekufa!"

Ncha zilikuwa njano, mengine yamelala. Nilikuwa nimemweleza mwezi wa kumi na moja, lakini kuelezwa ni kitu kimoja, na kuona ulicholinda miezi saba kinanyauka ni kitu kingine. Aliniuliza kama ni ule mfereji. Aliniuliza kama ni mkono wake, ile siku ya nyasi. Kumbe alikuwa amelibeba hilo tangu Januari.

Nilikwenda kuchukua kijiko cha chai. Nilichagua jani lililokauka kuliko yote, nikachimba polepole pembeni yake, nikatoa kilichokuwa chini, nikakiweka katika kiganja chake. Ukubwa wa njegere moja. Kimevaa koti la kahawia la nyuzi nyuzi, na pale lilipochanika ndani ni cheupe, kigumu, chenye maji.

"Hii njo maua?"

"Ndiyo yenyewe. Imelala. Majani yamemaliza kazi yake, yamemlisha, sasa yanaondoka. Mvua zikirudi atatoka mwenyewe."

"Na ua?"

"Mwaka wa pili. Labda wa tatu."

Alikigeuza kwa kidole. "Una miaka mingapi wewe?"

"Mwezi wa nane, sabini na saba."

"Mimi sitini na nane." Akapiga hesabu yake kimya, kwa uso mkavu kabisa, kama anapima unga. "Basi mmoja wetu ataliona."

Tulikirudisha ardhini. Yeye ndiye aliyekifukia.

1 Juni

Upepo wa kusini. Majani makavu yameruka yote. Ndani ya mawe hakuna kitu cha kuona, udongo mtupu. Ninafurahi kuutazama kuliko nilivyofurahi yalipokuwa kijani. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo.

8 Juni

Alfajiri, baada ya swala yake, Mama Hidaya alifagia kama kawaida. Nilimsikia kutoka kitandani: kushoto, kulia, kushoto. Halafu akaniita.

Alikuwa amesimama kwenye mawe. Geti lilikuwa wazi, na Mama Kapinga alikuwa pale, amevaa kitenge cha misa. Waliongea jana, nadhani.

"Nikifagia juu yao watasikia?" Mama Hidaya akauliza.

"Hapana. Wako chini kidole kizima. Fagia tu."

Akanyoosha mkono, akanipa ufagio.

"Ndugu yako si wangu," akasema. "Maliza wewe."

Niliutazama. Niliwatazama. Upande wa pili wa ua cherehani ya Jacob, ambayo huanza mapema, ilikuwa imenyamaza. Nikaruka mawe, nikainama. Mgongo ulilalamika, nikauacha ulalamike. Ufagio wa vijiti ni mwepesi kuliko nilivyodhani, lakini una akili yake. Nilianza pembeni ya mti wa avoka nikaja kuelekea geti, kama yeye anavyofanya, nikipitisha ncha tu juu ya udongo, nikitaja jina la mdogo wangu kila nilipovuta. Si kwa sauti. Kipande ni kidogo. Kilikwisha kabla sijawa tayari kiishe.

"Sasa imeanuliwa," Mama Kapinga akasema, akafanya alama ya msalaba, akaenda zake kanisani.

"Chantal!" Jacob aliita nyuma ya ua. "Kuja haraka uone! Papa Mwalimu anafagia!"

"Nimemwona," Chantal akajibu kwa utulivu. "Na wewe utaanza lini?"

Mama Hidaya hakucheka. Alikuwa anakagua kazi yangu, mikono kiunoni, kuanzia jiwe la kwanza hadi la mwisho.

"Mistari imepinda," akasema. "Kwa matanga inatosha. Kwa lupango langu haitoshi. Kesho saa kumi na mbili uwe hapa, nikufundishe."